Kope Tulizozing'oa kwa Heshima

Watu wakinisifia kwamba nilikuwa shujaa kulala mezani nikapasuliwa jicho, huwa nawaambia waache utani. Kulala mezani kuna ushujaa gani? Unachomwa sindano ya ganzi, unafunikwa kitambaa cha kijani, unasikia vyuma vinagongana kwenye bakuli na daktari anaomba mkasi. Ukitaka kukimbia, utakimbilia wapi na jicho limeshafunguliwa? Nililala pale kwa sababu kuna kitu kingine nilikuwa nakiogopa zaidi. Woga wenyewe ulikuja miezi mitatu baadaye, siku ambayo hakuna aliyenilaza mezani wala kunichoma sindano, na siku hiyo ulinishinda vibaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu sipendi simulizi za watu ambao hawajawahi kuogopa.

Nilichokuwa nakiogopa ni kuwa kama mama yangu. Mama alipofuka nikiwa darasa la sita. Kwetu, upande wa Mungaa, vikope vilikuwa ugonjwa wa wanawake wengi. Unaanza utotoni: macho mekundu, tongotongo, nzi. Unapona, unaugua tena, na kila ukipona unabaki na kovu dogo upande wa ndani wa kifuniko cha jicho. Ukishakuwa mtu mzima makovu yanavuta ukingo wa kifuniko uingie ndani, na kope zinaanza kukwaruza jicho kila unapopepesa. Mama alikwaruzwa hivyo kwa miaka mpaka macho yakawa meupe. Tangu hapo alitembea ameshika ncha moja ya fimbo na mimi nimeshika nyingine, kwenda kisimani, kanisani, chooni. Safari ya chooni ndiyo iliyomuumiza kuliko zote. Aliniambia mwenyewe.

Dawa yetu ilikuwa kibano. Mhunzi mmoja pale mnadani alikuwa anavitengeneza, na karibu kila mwanamke wa rika langu alikuwa nacho, amekifunga kwenye pindo la khanga. Mwenye macho mazuri anamng'olea mwenzake, kichwa kimelazwa mapajani. Baada ya wiki mbili tatu kope zinaota tena, safari hii fupi na ngumu, na zinachoma kuliko za mwanzo. Unang'oa tena. Hakuna aliyeiona kuwa ni shida ya kupeleka hospitali. Ilikuwa kazi ya nyumbani, kama kusuka nywele.

Mradi wa macho ulitufikia enzi za ruksa. Mambo yalikuwa yamefunguliwa yote kwa mpigo. Malori ya wafanyabiashara yalitoka Shelui yakaja kununua alizeti mlangoni, mitumba ikajaa mnadani, na vyama vya siasa vikapeperusha bendera za rangi ambazo hatukuwa tumezizoea. Chama chetu cha ushirika kilikuwa kimekufa, ghala lake limebaki tupu na harufu ya magunia. Dawa ya macho ambayo zamani tulipewa zahanati, sasa uliambiwa ukanunue dukani. Kwa hiyo gari la mradi liliposimama mbele ya ghala, watu wakateremsha meza na kuanza kupaka chokaa kuta, kijiji kizima kilijiona kimekumbukwa.

Daktari wao alikuwa kijana mrefu, mtu wa Kanda ya Ziwa kwa lafudhi yake, mpole kupita kiasi. Alitukalisha kwenye mabenchi sisi wanawake wenye kope zilizogeukia ndani, akaanza kueleza kwa Kiswahili, na nesi wa zahanati yetu akawa anawatafsiria bibi zetu kwa Kinyaturu. Alisema kuna njia mbili za kupasua kifuniko cha jicho ili kope zitazame nje. Ya kwanza ni mkato mfupi, unamalizika haraka. Ya pili ni mkato mrefu unaopita ukingo wote, unashonwa nyuzi nyingi na kidonda chake kinauma zaidi.

Bibi mmoja akauliza ipi ni bora.

"Hatujui," daktari alisema. "Ndiyo maana tunafanya jaribio. Kila mtu atachagua bahasha, na kilichomo ndani ya bahasha ndicho atakachofanyiwa."

Bibi yule akamgeukia nesi, "Hebu niambie vizuri. Huyu asiyejua ndiye anataka kunishikia kisu?" Akachukua fimbo yake akaondoka, na wengine kadhaa wakamfuata. Mimi neno lile ndilo lililonibakiza. Nilikuwa nimeshachoka na watu wanaojua. Mganga aliyemchanja mama yangu chale pembeni mwa macho alijua. Bwana shamba aliyetuambia tuachane na uwele alijua, na mwaka ule tulilala njaa. Huyu alikuwa wa kwanza kusimama mbele yangu na koti jeupe akakiri kwamba hajui, na nilimpenda kwa hilo. Akaongeza kuwa tutapasuliwa jicho moja tu kwanza, la pili lisubiri mpaka waone njia ipi imefaulu. Akasema pia kwamba mtu anaweza kukataa, au kujitoa katikati, na hakuna atakayemnyima matibabu.

Nikatia sahihi kwa jina langu kamili. Bahasha yangu ilikuwa ya mkato mfupi, jicho la kulia, lililokuwa bovu zaidi; la kushoto kope zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kugeuka.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, naye alipata mfupi. Tulikuwa tunaishi ua mmoja, nyumba yake ya tembe ikitazamana na yangu, na hakuna mtu niliyecheka naye kama yeye. Tulirudi nyumbani bandeji zetu zikifanana, watoto wakatukimbia, tukacheka mpaka nyuzi zikatuuma.

Wiki za kwanza zilikuwa za raha tupu. Nilipepeta alizeti macho yote wazi. Nilitazama moto wa jikoni bila kutoa machozi. Mradi nao ulitujali. Walileta sabuni za kunawishia watoto uso, siku ya kutolewa nyuzi tulipikiwa wali, na mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba kazi ikienda vizuri tutachimbiwa kisima cha pampu. Kwetu maji tulikuwa tunayafukua kwenye mchanga wa korongo, wakati wa kiangazi mtu anaingia shimoni mpaka mabegani. Mtu akikuambia pampu, unaanza kuota.

Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha, kitu kikaanza kunichoma kwenye kona ya jicho. Nikajiambia ni vumbi. Nikaazima kioo cha wifi, nikakuta kope mbili. Baada ya siku chache zikawa nne. Nilikasirika, halafu nikaona aibu, kana kwamba ni mimi niliyemharibia daktari kazi yake. Sikumwambia mtu.

Siku moja kabla ya ukaguzi wa miezi mitatu, alasiri, wifi alikuja na kibano mkononi.

"Twende korongoni," akasema.

Kule nilikuta wanawake wanane au tisa, wote wa mradi, wamelazana mapajani kwenye kivuli cha ukingo. Walikuwa wanang'oana kope huku wakiongelea harusi ya Jumamosi. Hakuna aliyeshtuka kuniona.

"Na wewe zimerudi?" wifi akaniuliza.

"Zimerudi."

"Basi lala hapa."

Nikalala.

Mtu wa mbali atasema tulikuwa waongo, na mimi nitagombana naye. Kwetu mgeni akija unafagia ua na kuuficha mkeka uliotoboka. Akikupa kitu, kitu hicho ni kizuri, basi, hakuna mjadala. Mama yangu alipewa kibuyu cha maziwa na jirani, kikawa kinavuja. Alikitia mbegu za maboga, na kila jirani yule alipopita mama alimwambia kibuyu kinafaa sana. Ilikuwa heshima, na tulifundishwa tukiwa wadogo. Sasa huyu daktari ametoka mbali, ametushika macho kwa mikono yake mwenyewe, na kesho anakuja kuona kazi yake. Utampokea vipi na jicho chafu? Tulisafisha macho kama tulivyofagia ua.

Kesho yake akaniinua kidevu, akanimulika kwa tochi, akatazama kwa miwani yake ya kukuzia.

"Hakuna hata ukope mmoja unaogusa," akasema kwa furaha. "Unajisikiaje, mama?"

"Vizuri sana, daktari. Mungu akubariki."

Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu. Akaandika. Tukala wali, tukarudi nyumbani.

Wiki chache baadaye gari lilirudi na habari. Walikuwa wamekagua vijiji vyote vya jaribio, na njia zote mbili zilionekana nzuri sawasawa. Kwa kuwa mkato mfupi unamalizika haraka na wagonjwa ni wengi, macho ya pili yote yatapasuliwa kwa mkato mfupi, mara tu ukaguzi wa miezi sita utakapopita. Mwenyekiti akapiga makofi, watu wakafuata. Nami nilipiga mawili matatu, kisha nikaacha.

Muda huo huo kope zilikuwa zinanichoma. Niliketi pale kwenye benchi nikaelewa. Lile "vizuri sana" langu lilikuwa limekwenda mjini ndani ya makaratasi, likajumlishwa na ya wenzangu, na sasa linarudi na kisu kulifuata jicho langu la kushoto. Hilo ndilo jicho nililokuwa nalitegemea. Kama mkato mfupi ungeshindwa na kwenye hilo, nisingebaki na kitu.

Nilianza kuuliza wenzangu, mmoja mmoja, kanisani, mnadani, shambani. Wale wa mkato mrefu wengi walisema hapana, hazijarudi, ila kidonda kiliwatesa. Wale wa mfupi, karibu kila niliyemuuliza aligusa kona ya jicho akacheka. Tulikuwa tunalijua jibu la jaribio zima sisi wenyewe, palepale kijijini. Asiyejua alikuwa daktari peke yake, na sisi ndio tuliomnyima.

Nilimwambia wifi tukiwa tunatwanga.

"Sing'oi tena mpaka azione."

Akasimamisha mchi. "Wewe! Miezi sita haijafika. Utapofuka."

"Labda nitapofuka la kulia. La kushoto nitakuwa nimeliokoa."

"Na kisima? Ukisema mambo yao hayafai, si watapanda gari lao waende kwingine? Tukanywe mchanga kwa sababu yako?"

"Wifi, na wewe zimerudi. Utampa na la pili?"

"Mimi nitajing'olea kama mama yangu na bibi yangu. Usijifanye umesoma sana." Akachukua mtama wake akaenda kutwanga mlangoni kwake. Tangu siku hiyo hakunisalimu. Ua wenyewe ni mdogo, mnapishana mara ishirini kwa siku, na mtu anakupita kama mti. Niliumia kuliko nilivyotegemea.

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Jicho ni lako." Nilimkasirikia, maana nilitaka ainuke akagombane na dada yake. Nilichelewa sana kutambua kwamba katika kijiji kizima yeye peke yake ndiye aliyelisema hilo.

Mtu ataniuliza kwa nini sikung'oa tu, halafu nikamwambia daktari kwa mdomo. Nililifikiria hilo. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshatoa jibu na limeshaandikwa. Ningesimama na jicho safi niseme ni bovu, wakati wanawake wengine wote wana macho safi na wanasema ni mazuri. Nani angenisadiki? Nilitaka akimulika, akute.

Nikampa mume wangu kibano aende nacho machungani. Zilikuwa zimebaki wiki nne. Sitazipamba wiki zile. Ilikuwa kiangazi, upepo wa kwetu unabeba vumbi tangu asubuhi, na kila nikipepesa nilihisi kope zote kwa idadi. Wiki ya pili sikuweza tena kutazama moto, binti yangu akawa anapika. Nilifunga jicho kwa kitambaa, kope zikazidi kuchoma chini ya kitambaa. Siku moja nilikwenda kwa jirani nikaazima kibano chake, nikakaa nacho nyuma ya nyumba, nikakifikisha mpaka kwenye jicho. Nililia kwa hasira. Halafu nikakirudisha, na jirani akafikiri nimeshang'oa, akaniambia pole.

Siri haikukaa. Mwenyekiti aliniita ofisi ya kijiji. Kwetu kuitwa ofisini ni kushitakiwa, hata kama hakuna hakimu. Nilimkuta amekaa na mtendaji pamoja na wazee wawili wa halmashauri.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Keti, mama."

Nikakaa kwenye kigoda kilichowekwa katikati.

"Tumesikia unataka kutuchafua mbele ya wageni," mwenyekiti akaanza.

"Nataka wageni walione jicho langu, mzee."

"Jicho lako tunaliona. Limeharibika kwa sababu umeacha kulitunza. Nalo utasema ni kosa la daktari?"

Alikuwa mtu mwenye akili, na neno lake lilinichoma. Nikatafuta jibu, nikalipata kwenye jambo ambalo wao wenyewe walilifahamu.

"Mzee, serikali ilipotuletea mbegu za mahindi zisiote, mlifanya nini? Mlipanda za kwetu kwenye mashimo yale yale, bwana shamba akija akute shamba limejaa. Akaandika zimeota. Mwaka uliofuata akatuletea zile zile, nyingi zaidi."

Mzee mmoja akacheka, kisha akajikohoza. Mwenyekiti hakucheka.

"Wewe ni mtu mmoja. Kisima ni cha wote."

"Na macho ya kushoto ni ya wote, mzee."

"Inatosha. Ama ung'oe, ama siku ya ukaguzi ubaki nyumbani kwako. Ndiyo amri ya kikao hiki."

"Nimesikia, mzee."

Nilisema nimesikia, sikusema nitatii. Nilitoka nje kwa adabu zote. Nilikuwa sijawahi kubishana na wakubwa maisha yangu yote. Nilikuwa mke wa watu na mama wa watoto wanne, na nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma kama niliyeiba. Lakini nilikumbuka maneno ya daktari kwamba yeyote anaweza kujitoa kwenye jaribio. Hakusema kwamba mwenyekiti anaweza kumtoa mtu.

Siku ya ukaguzi nilivaa khanga yangu nzuri nikaingia ghalani. Wanawake wakasogea, wakaniachia benchi zima. Nesi alikuwa anaita kwa namba. Yangu ilipofika akairuka.

Nikainuka. "Nesi, umeniruka."

"Si umeambiwa ubaki nyumbani?" akasema kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini.

Nilikwenda nikakaa kwenye kiti mbele ya daktari. Wifi alikuwa wa kwanza kwenye foleni nyuma yangu, nilimsikia akivuta pumzi. Daktari alinifungua kitambaa, akawasha tochi, akarudi nyuma.

"Mama! Tangu lini hili?"

Nesi akawahi. "Huyu ni mbishi, daktari. Hakufuata maelekezo."

"Daktari," nikasema, "mimi Kiswahili nakijua, sihitaji mtu wa kunisemea. Zilirudi mwezi wa pili. Ulipokuja mara ya kwanza nilikuwa nimezing'oa jana yake. Nikakuambia vizuri sana. Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima."

Alivua ile miwani ya kukuzia akaiweka mezani. Nilitegemea afoke. Badala yake alikaa kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba, na hapo ndipo nilipomhurumia, kwa sababu niliona kwamba alikuwa amefurahi kweli kweli miezi mitatu ile.

"Na wengine?" akauliza polepole.

Nilikuwa nimeshaamua jambo hilo tangu nyumbani.

"Mimi nalisemea jicho langu. Wao waulize wenyewe. Ila usiwaulize kama wanajisikia vizuri. Hilo tutakujibu vizuri sana mpaka tufe. Waulize kama wameng'oa."

Mwenyekiti, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia. "Daktari, samahani, huyu mama siku hizi hayuko sawa."

"Mzee wangu," daktari akasema, "naomba utupishe kidogo."

Mwenyekiti akatoka. Aliyefuata ni wifi. Alikaa kwenye kiti, daktari akamshika kidevu, akamuuliza kwa upole, "Mama, umeng'oa?" Wifi akanitazama kwa jicho la kutaka kunizaba kofi.

"Jana," akasema. "Alining'olea yule pale wa benchi la pili, mwenye kitambaa chekundu. Na yeye nilimng'olea mimi."

Mwenye kitambaa chekundu akapiga yowe la aibu, mtu mmoja akacheka, na kicheko kikazunguka ghala lote. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na kitu cha kuficha. Wanawake wakaanza kusema wenyewe, mmoja sita, mwingine kumi na moja, mwingine hazihesabiki. Daktari aliwasha tochi upya akaanza kutafuta alama za kope zilizong'olewa, na safari hii alizipata, kwa sababu sasa alikuwa anajua cha kutafuta.

Hakuondoka siku ile. Alikagua wote upya, kisha akaenda vijiji vingine kuuliza swali lile lile. Aliporudi alitukusanya ghalani. Akasema mkato mfupi umeshindwa kwa wengi, mrefu ndio unaoshika, na macho ya pili yote yatapasuliwa kwa ule mrefu. Akasema karatasi za mwanzo haziaminiki na wameandika hivyo juu yake kwa kalamu nyekundu. Halafu akatutazama, akasema, "Ningewapasua wote kwa ule mfupi," akainama kukusanya karatasi zake.

Kisima tulichimbiwa mwaka uliofuata. Maji yake yana chumvi kidogo. Mwenyekiti alikifungua kwa hotuba ndefu. Wifi hajaniomba msamaha mpaka leo, na sitaki aniombe. Asubuhi iliyofuata ukaguzi ule alinisalimu mbele ya watu wote, nami nikaitika.

Jicho la kulia walinipasua tena, lakini kidonda kilikuwa kimeshaacha doa jeupe katikati ya mboni. Nilimuuliza daktari kama ni zile wiki nne. Angeweza kunifariji. "Zimechangia," akasema, "kwa sehemu kubwa." Nilimshukuru kwa kunijibu hivyo. Kwa jicho lile naona mwanga, naona kuna mtu mbele yangu, simjui ni nani. Wapo wanaoniambia lilikuwa sadaka. Nawakatalia. Lilikuwa jicho langu, nililipenda, nimelililia, na leo hii mtu akiweza kunirudishia nitalipokea kwa mikono miwili. Wapo pia wanaosema ningesema tu, wangeniamini. Labda. Na waende wao, siku moja, mbele ya mtu waliyekwisha kumsifia, wamwambie kwamba kazi yake haifai, halafu waje tuzungumze.

La kushoto lilipasuliwa kwa mkato mrefu mwezi uliofuata ukaguzi ule. Kidonda kiliuma kweli, kama tulivyoambiwa. Sijang'oa ukope hata mmoja tangu siku hiyo. Nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao mama yangu alipopofuka, na haya yote, kutoka mstari wa kwanza mpaka huu, nimeyaandika na kuyasoma upya kwa jicho la kushoto.